Siku Nilipomkimbia Mama Yako kwenye Njia ya Mapipa Meupe

Kambi ya Barabara,
Kibwezi.
Jumapili, baada ya ibada.

Mke wangu mpenzi Mwikali,

Pokea salamu zangu, ambazo zimepanda basi asubuhi na mapema na zimekataa kushuka mahali popote mpaka zifike mlangoni kwako. Habari za huko Mbooni? Kikohozi cha Kanini kimeisha, ama bado kinangoja baridi irudi? Na Mutuku, ameanza kuvaa viatu vya shule au bado anavibeba kwapani kama vifaranga? Mwambie baba yake anauliza. Mimi huku ni mzima kabisa, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto limechubuka na kwenye kiwiko kuna miiba miwili ambayo haijakubali kutoka. Usishtuke. Hiyo ndiyo habari yenyewe ninayotaka kukupa, na ni habari njema, ingawa ilianzia kichakani.

Lakini kabla sijaendelea nikuonye. Barua hii unaletewa na mama yako mwenyewe, ndani ya kiondo chake. Mama mdogo Syombua, mdogo wake wa huku Kibwezi, ndiye aliyeitia humo, maana unajua mimi siwezi kumpa mama yako kitu mkononi. Yeye hajui kusoma, kwa hivyo akifika tu atavuta kigoda, avue viatu, aseme, "Nisomee tusikie." Sasa wewe msomee salamu kwa sauti, halafu ukifika hapa kohoa kidogo, useme mwandiko wangu ni mbaya, uendelee kimoyomoyo. Karibu na mwisho nitakuonyesha mahali pa kuanza tena kwa sauti. Tafadhali Mwikali, usinifanyie mzaha. Nakujua.

Haya. Nilipokuja nyumbani mwisho wa mwezi nilikueleza juu ya ile njia yetu ya majaribio, lakini ulikuwa unachambua maharagwe na watoto wanapiga kelele, sijui kama ulishika. Acha nikueleze tena polepole. Kutoka daraja la mto mpaka sokoni ni kama maili mbili. Kando ya barabara kubwa ya Mombasa, upande wa kushoto ukielekea sokoni, tulishindilia murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, tukamwaga lami nyembamba juu yake, kisha tukapanga mapipa matupu kutenganisha njia hiyo na barabara. Mapipa hayo nimeyapaka rangi nyeupe mimi na watu wangu, moja moja, mpaka nikawa naota rangi. Ndani ya mapipa hupita vitu viwili tu: basi na baiskeli. Malori na magari madogo yabaki huko barabarani yakimbizane yenyewe. Baiskeli ikiwa mbele, basi linafuata nyuma bila kupiga honi. Wakifika mahali palipopanuliwa, mwenye baiskeli anashika kushoto kabisa, basi linapita taratibu, kila mtu anaenda zake.

Tulipewa miezi mitatu ya kujaribu. Ikionekana inafaa, njia itabaki na upande wa kurudi nao utajengwa. Isipofaa, mapipa yanapakiwa kwenye lori siku hiyo hiyo na mambo yanarudi yalivyokuwa.

Wewe unajua yalivyokuwa. Kyalo ndugu yako alipokuwa akilima nyanya huku, alikuwa na madebe mawili ya maji kwenye baiskeli asubuhi ile lori na basi yalipopitana karibu na daraja, naye hakuwa na pa kwenda. Tangu tulipomzika Kyalo, mama yako amesema neno moja tu: barabara hiyo imeshanichukulia mtoto mmoja, siwezi kuipelekea mwingine. Na wewe ukatii, na mimi nikanyamaza, kwa sababu mama aliyezika mtoto huwezi kubishana naye. Lakini ni miaka miwili sasa. Hapa kambini nimepewa vyumba viwili vya mabati, na kile cha pili kinalala magunia ya saruji. Mwikali, nimechoka kula ugali na mtu anayeitwa Mutisya, yaani mimi mwenyewe. Hana hadithi mpya na hanicheki nikiunguza mboga.

Kwa hivyo ulipokuwa unaona mimi ni nyapara wa mapipa tu, mimi nilikuwa ninajenga jibu la kumpa mama yako. Njia ikibaki, nitakuwa na la kusema. Njia ikiondolewa, basi, nitabaki kuja nyumbani mwisho wa mwezi kama mgeni mpaka nizeeke.

Majuma ya kwanza yalikuwa balaa. Mbuzi waliona njia ile imejengwa kwa ajili yao. Mama mmoja alikuja na magunia akaanika mbaazi zake katikati, na nilipomwambia hapo ni pa basi alinijibu, "Basi si linapita mara tatu tu kwa siku? Likija niite." Na madereva nao! Yupo mmoja anaitwa Mbithi, wa hili basi la asubuhi, mtu mnene mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Siku ya kwanza alisimamisha basi akanishukia.

"Nyapara, mimi naendesha hii basi miaka kumi na tano. Leo unaniambia nifuate baiskeli pole pole kama mtu anapeleka ng'ombe mnadani?"

"Ndiyo."

"Na nikipiga honi kidogo tu?"

"Wataruka kwa mtaro."

"Hata nisipopiga wanaruka! Wewe huoni?"

Na hapo alikuwa amesema kweli. Tabu kubwa haikuwa madereva, ilikuwa wachukuzi wetu wa maji. Mtu wa baiskeli wa Kibwezi amefundishwa na barabara hii kwamba ukisikia basi, hujiulizi, unaruka. Niliwaambia njia ni yao, wakaitikia kwa adabu, na basi lilipokuja wakaruka kwa adabu ile ile, na madebe yao. Mmoja wao, Muia, mwenye ulimi mrefu, aliniambia, "Nyapara, mapipa yako ni mazuri, lakini pipa halijui kufufua mtu."

Basi nikanunua uvumilivu. Kila asubuhi kabla ya kazi nilichukua baiskeli yangu, nikafunga madebe mawili ya maji, nikaenda nao mimi mbele wao nyuma. Nikawaambia: msitazame basi. Nitazameni mimi. Chochote nitakachofanya mimi, nanyi fanyeni hicho hicho. Juma la kwanza nilijisikia mgongo baridi kila Mbithi alipokuwa nyuma yangu na ile injini yake inayopumua kama fahali. Lakini hakunigusa. Kidogo kidogo wakaacha kuruka. Mwezi wa pili ukamkuta Mbithi anawasalimia kwa majina, na Muia akawa anaendesha mkono mmoja huku anakula muwa. Nikaona mambo yamekuwa sawa.

Sasa Alhamisi iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya kukaguliwa. Injinia wetu, Bwana Otieno, kijana mpole wa kutoka upande wa ziwa ambaye njia hii ni wazo lake, hakulala vizuri. Macho yalikuwa mekundu. Mkubwa alikuja kutoka Nairobi na faili jeusi, akasimama juu ya Landrova karibu na daraja apate kuona vizuri. Mpango ulikuwa rahisi. Baiskeli kumi na mbili zenye madebe yaliyojaa, mimi mbele. Basi la asubuhi litatukuta hapo darajani, litufuate, litupite mahali pa kwanza palipopanuliwa. Tukifika sokoni tukiwa wazima, kazi imekwisha.

Nilikuwa nimevaa shati lile jeupe la harusi ya dada yangu Mbula. Tukaanza. Nikamsikia Mbithi anakuja nyuma, taratibu, bila honi, kama tulivyozoea. Tukafika mahali pa kupishana, nikashika kushoto, basi likaanza kunipita polepole kabisa. Nikageuza uso nimpungie Mbithi mkono, mkubwa aone jinsi tunavyopendana.

Dirisha la kwanza upande wangu, nani ananitazama? Mama yako.

Kitambaa cheupe kichwani, kiondo mapajani, macho wazi, usoni pangu, karibu kama mimi na karatasi hii.

Mwikali, wewe unajua jinsi tulivyo, mimi na yeye. Tumeokoka sote, na siku hizi kanisani wako wanaume wanaowashika mama wakwe zao mkono na kuwauliza habari za mbuzi. Lakini mimi na mama yako tulianza na nthoni ya wazee, ile heshima ya mkwe na mama mkwe kutotazamana, na miaka minane imepita hakuna kati yetu aliyejua pa kuiweka chini. Nikija kwenu anatokea mlango wa nyuma. Akinitangulia njiani mimi huiacha njia, napita kwenye mahindi, kama babu yangu alivyopita na baba yangu alivyopita. Sijawahi kuuona uso wake mzima hata siku moja. Na hapo ulikuwa hapo, wote, ndani ya dirisha.

Sikuamua chochote. Mikono ndiyo iliyoamua. Iligeuza usukani kushoto, nikatoka njiani, nikavuka mtaro mdogo, nikaingia kwenye miiba na madebe yangu na shati langu jeupe.

Na wale kumi na mmoja nyuma yangu? Nilikuwa nimewafundisha vizuri. Chochote nyapara atakachofanya, nao wafanye. Nikiwa chini bado nasikia: pu, pu, pu, madebe yanaanguka moja baada ya jingine. Wote walinifuata kichakani, hata yule wa mwisho ambaye basi lilikuwa limeshampita zamani. Muia aliangukia karibu yangu akaniuliza, maji yakimtiririka usoni, "Nyapara, hii nayo ni ya majaribio?"

Niliposimama nilimwona mkubwa juu ya Landrova anaandika. Hakuwa na haraka. Aliandika, akapiga mstari, akashuka.

"Injinia," akasema, "miezi mitatu. Basi moja limetokea, na baiskeli zote zimekimbilia msituni. Nimeona vya kutosha."

Bwana Otieno alikuja kwangu mbio. "Nyapara, umeniua. Umeona nini? Nyoka?"

"Si nyoka, bwana."

"Sasa ni nini?"

Watu walikuwa wengi, abiria wametoa vichwa madirishani, na mimi ningependa zaidi kumezwa na mtaro ule. Nikamnong'oneza sikioni. Niliona mdomo wake unatetemeka, nikajua anazuia kicheko. "Mama mkwe," akasema polepole. "Ai, hata kwetu, mimi siwezi kula mbele ya mama mkwe wangu." Akaenda kumweleza mkubwa, na kwa muda nikadhani tumepona.

Lakini mkubwa hakucheka. Aliniita.

"Wanaume wa huku wote wana mama wakwe?"

"Wengi wao, bwana."

"Na hao mama wakwe hupanda basi?"

"Hupanda, bwana."

"Basi mmenijibu wenyewe." Akafunga faili. "Njia ambayo inaweza kuvunjwa na mama mkwe mmoja, hiyo siwezi kuiandikia kwamba inafaa. Mapipa yapakiwe."

Mwikali, heshima si utumwa, hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na mimi naamini. Lakini nikiwa nimesimama pale miiba imenichoma kila mahali, nilijiona mjinga kuliko wajinga wote. Nilimwona Kyalo. Nikaona kile chumba chenye magunia. Nikawaza, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nimeifunga njia niliyoijenga, tena mbele ya macho ya yule yule niliyekuwa namjengea. Nilitaka kulia na sioni haya kukuambia.

Na nani unafikiri alitutetea? Mbithi. Alizima injini, akashuka na ile kofia yake ya sufu, akaenda mpaka mbele ya mkubwa.

"Bwana mkubwa, mimi si mtu wa kusoma. Lakini hii si makosa ya njia. Njia iko sawa. Basi yangu imegusa mtu? Haijagusa. Hao watu wanapita na mimi kila siku, hata majina nawajua. Tupatie mara moja tu tena. Narudisha basi darajani mimi mwenyewe."

Mkubwa akatazama saa yake. Akatazama mapipa. "Mara moja," akasema.

Ikabidi Mbithi awaombe abiria, maana wengine walikuwa na safari zao. Kulikuwa na kelele ndani ya basi, mtu mmoja akidai kuku wake watakufa kwa joto. Halafu ghafla kelele zikanyamaza. Mimi nilikuwa nimegeukia upande wa mto, kwa hivyo sikuona kinachoendelea. Niliposikia injini inawaka nikatupa jicho mara moja, la wizi. Dirisha lile la kwanza halikuwa na uso tena. Palikuwa na leso. Leso nzima nyekundu, imefunikwa juu ya kichwa mpaka mapajani, kama mzigo ambao mwenyewe ameshuka akausahau.

Alikuwa amejifunika, Mwikali. Ili mimi nipite.

Tukajaza madebe upya. Muia akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mto uko hapa hapa, jaza twende." Goti linaniuma, shati limepasuka, nikapanda. Nikawaambia wenzangu safari hii wasinitazame mimi, watazame gurudumu la mbele yao. Tukaenda. Basi likatufuata. Tukafika mahali pale pale, miiba bado imelala tulipoilalia, nikashika kushoto. Likaja ubavuni mwangu. Mbithi hakuharakisha hata kidogo. Nadhani alienda polepole kuliko mtu anayetembea. Sikugeuza uso. Nilitazama gurudumu langu tu. Hakuna aliyecheka ndani ya basi. Ila nilisikia sauti ya mwanamke, chini chini, inauliza kitu, na nyingine inajibu, halafu inauliza tena. Sikuelewa maneno. Basi likapita. Lilikuwa limeshampita Muia. Sasa lilikuwa limetupita wote. Na kila mahali palipopanuliwa Mbithi alitusubiri makusudi tumtangulie, halafu akatupita tena, mkubwa akitufuata na Landrova barabarani, mpaka sokoni.

Hakuna debe lililomwagika. Mkubwa alikaa ndani ya gari lake kitambo, akiandika, kisha akamwambia Bwana Otieno neno moja: "Yaachwe." Bwana Otieno alinikumbatia na tope langu lote. Upande wa pili tunaanza kupima mwezi ujao, na mimi ndiye nyapara. Wachukuzi wamenipa jina jipya ambalo sitakuandikia, kwa sababu najua litafika mpaka kwenye kwaya.

Saa kumi jioni mama mdogo Syombua alikuja hapa kambini na kibuyu cha uji. Alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaacha kucheka akanieleza yote. Ni yeye aliyekwenda kumlaki mama yako huko Emali, na hakunitumia neno kwa sababu mama yako alimkataza. Hakuja kutembea. Alikuja kuona barabara kwa macho yake. Alisema anasikia mkwe wake amejenga kitu, na yeye hawezi kukubali wala kukataa kitu asichokiona. Ndiyo sababu alikaa dirisha la mbele.

Mbithi alipowaeleza abiria shida ni nini, watu walimwambia mama yako ashuke, apumzike chini ya kivuli, basi liende lirudi. Akakataa. "Nimetoka Mbooni kuja kuona hii njia," akasema. "Sishuki." Halafu akatoa leso yake kwenye kiondo, akajifunika, akasema, "Haya, dereva. Mimi siko hapa."

Ile sauti niliyoisikia ilikuwa yake. Mama mdogo anasema tangu darajani mpaka sokoni mama yako alikuwa ameushika mkono wake ndani ya leso, anaubana mpaka vidole vikafa ganzi, na kila pipa anauliza, "Bado yuko?" Mama mdogo anamjibu, "Yuko." "Basi limemkaribia?" "Halijamkaribia." Pipa jingine. "Bado yuko?" "Yuko, dada." Maili mbili zote. Na walipofika mahali pale pa Kyalo hakuuliza kitu. Aliushika mkono kwa nguvu zaidi, na walipopapita ndipo akauliza tena.

Nilipoyasikia haya niliingia ndani nikasimama kati ya magunia ya saruji kwa muda. Mama mdogo ni mtu mwenye akili, hakunifuata.

Alipokuwa anaondoka alinipa ujumbe wa mama yako, nami nakuandikia kama ulivyo. Alisema: "Mwambie mwenye baiskeli kwamba mtu hamwogopei asiye wake. Mimi nilidhani nimebaki na hofu ya watoto wangu tu. Leo nimekuta ninayo na yake. Basi Mwikali na watoto waje, shule zikifungwa. Na mtoto asiende mtoni nje ya mapipa."

Ndiyo hivyo, mke wangu. Mje. Magunia nimeshayatoa. Lete ile sufuria kubwa, za huku ni nyepesi zinaunguza, na lete mbegu za maboga. Joto utalilalamikia, najua, na mbu pia, lakini mto uko karibu na mboga zinaota hata ukitema tu. Shule iko upande huu huu wa barabara. Nimeshaongea na mwalimu mkuu, na kwake viatu ni lazima.

Nisalimie baba yangu mzee, mwenye mizinga ya nyuki; mwambie asali ya mwisho ilinipatia maneno mengi kutoka kwa wenzangu kwa kuila peke yangu. Nisalimie dada yangu Mbula, msusi wa vyondo, na umwambie kwa upole kuhusu lile shati. Nisalimie kaka yako mkubwa, mwalimu wa kwaya, na mzee wa kanisa aliyetuombea siku ile nilipoondoka. Watoto wabusu, Kanini mara mbili kwa sababu ya kikohozi.

Sasa, Mwikali, hapa ndipo. Kohoa tena, mwambie mama umeupata mwandiko. Mimi siko hapo, hakuna wa kumwona mwenzake, kwa hivyo sidhani tunavunja kitu. Msomee kwa sauti, usiharakishe:

Mama, asante kwa leso. Mama mdogo amenieleza ulichokuwa ukiuliza ndani yake. Mimi nilisikia sauti yako mara zote nikiwa juu ya baiskeli, ila sikujua ni mimi unayeniulizia. Laiti ningejua. Nisingegeuka, nisingekutazama, ningekaa ndani ya njia kama ilivyotakiwa, lakini kila mara ulipouliza ningejibu mwenyewe.

Ni mimi, mume wa binti yako na, ukikubali, mwanao,

Mutisya